Mswaki wa kijana mwenye fizi zinazovuja damu: tazama ncha kabla ya bei

Wazazi wenye watoto wa sekondari wananiandikia jambo lile lile. Mtoto ana miaka 14 au 15, anapiga mswaki asubuhi na usiku, kanunuliwa dawa ya meno ya bei kubwa, lakini fizi bado nyekundu, zimevimba katikati ya jino na jino, na akitema povu lina damu. Binti mmoja wa bweni aliniandikia mwenyewe kwamba siku hizi hacheki bila kuziba mdomo kwa mkono. Karibu wote wanauliza wahamie dawa gani ya meno. Mimi nawauliza kwanza mswaki wenyewe ukoje.

Watajibu: ni laini, paketi imeandikwa "soft". Hapo ndipo tunapoibiwa. Neno hilo linakuambia nywele za mswaki zinapinda kwa urahisi kiasi gani. Halikuambii chochote kuhusu ncha. Nailoni ikishakatwa kiwandani, kila unywele hubaki na ncha kali, kama waya uliokatwa kwa koleo. Kiwanda makini huzisugua ncha hizo mpaka ziwe mviringo. Kiwanda cha kulipua hukata na kufunga paketi. Si habari mpya: daktari Mmarekani Charles Bass aliandika mwaka 1948 kwamba mswaki unaofaa uwe na nywele nyembamba zenye ncha za mviringo. Leo hii bado tunauziwa vijiti vya kukwaruza fizi.

Kwa kijana jambo hili lina uzito zaidi. Homoni za balehe hufanya fizi zivimbe kwa utando mdogo tu wa bakteria, ule ambao mdomo wa mtoto wa miaka 8 ungeustahimili. Utando huo hukaa pale ufizi unapokutana na jino, kwa hiyo mswaki lazima ulazwe kama nyuzi 45 ukielekea kwenye ufizi, usuguliwe taratibu. Sasa mpe kijana mwenye fizi zilizovimba mswaki wenye ncha kali. Ataumia, atauhamishia katikati ya jino, utando utabaki palepale, na uvimbe utaendelea. Mwaka 1965 watafiti nchini Denmark walichapisha jaribio ambalo watu wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi, waliachishwa kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu fizi za wote zilikuwa zimevimba, na waliporudia kusafisha zikapona. Damu, basi, si sababu ya kulikwepa eneo hilo. Ni sababu ya kulisafisha kwa kifaa kisichoumiza.

Namna ya kupima: nunua mmoja tu kwanza. Ukiwa mkavu, upitishe pole pole kwenye ngozi laini inayozunguka kucha ya kidole gumba. Ukihisi unachoma, huo ni wa kusugulia viatu. Kisha piga picha ya ncha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, uikuze. Ncha zilizokatwa bapa zenye kingo huenda zikaonekana.

Chaguo langu la kwanza ni Colgate Slim Soft, na silifichi pendeleo langu. Nywele zake zimechongwa zikawa nyembamba kuelekea nchani, zinaingia kwenye ukingo wa ufizi bila kukwaruza. Kijana anayekandamiza atazipindisha mapema, kabla hata ya ile miezi mitatu ya kubadilisha mswaki. Mfundishe aushike kwa vidole, asiukamate kwa ngumi.

La pili ni mswaki wa watoto wa kampuni inayojulikana, hata kama kijana atanuna kwa sababu ya katuni kwenye mpini. Magego ya pili huota karibu na miaka 12, yapo nyuma kabisa, na kichwa kikubwa cha mswaki wa watu wazima hakiyafikii. Mara nyingi uvimbe unaogoma kuondoka uko huko nyuma.

La tatu ni mswaki wa umeme wa Oral-B wenye kichwa kidogo cha duara. Unawafaa hasa waliofungwa waya za meno. Lakini kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe vichwa vya akiba na bei yake. Asipokuwa navyo, achana nao.

Miswaki ya paketi za jumla: ikifaulu kipimo cha kucha, chukua. Mingi haifaulu. Mswaki wa mti, ukiwa mbichi na umetafunwa ukalainika, unasafisha vizuri upande wa nje. Katikati ya meno bado utahitaji uzi wa kusafishia meno.

Wauzaji sasa. Rafu zimejaa miswaki migumu na ya kati, ya laini imefichwa chini, na ukiuliza unaambiwa mgumu ndio unaong'arisha. Kinachoniuma zaidi ni maduka ya dawa yanayompa mtoto Flagyl na amoksilini papo hapo, bila cheti, kwa sababu tu kasema fizi zinatoka damu. Vidonge havisugui utando. Mzazi anaondoka na bili ya dawa, na mswaki ule ule unamsubiri nyumbani.

Hela hiyo ipelekeni kwa daktari wa meno. Utando ukishaganda ukawa ugaga mgumu, hakuna mswaki wowote, hata huu ninaousifia, utakaoubandua. Unaondolewa kwa vifaa vya kliniki. Mpelekeni kama wiki mbili za kusafisha vizuri zimepita bila nafuu, na msisubiri hata hizo kama fizi zinatoka damu bila kuguswa, jino linacheza, au kuna homa. Mtoto anayetumia phenytoin kwa ajili ya kifafa, mwambieni daktari, kwa kuwa dawa hiyo hukuza fizi. Msimwachishe dawa wenyewe.