Sambaza zenye harufu ya esanse: fundi wa Essence alivyoona pane ya Corolla yangu

Pane ya gari yangu iligunduliwa na mukiliya, mimi mwenyewe hapana. Miye nauzishaka sambaza, zile samaki ndogo, hapa Bukavu, saa kumi na moja ya asubui niko kwa bavuvi ku ziwa, napakia mabeseni mbili tatu mu Corolla yangu ya 1993, ile ya motere 5A-FE, napanda nayo Kadutu na kwa bakiliya bangu ba Nyawera. Siku moja mama mumoja mwenye nilikuwa namupelekea kila juma akachukua sambaza mbili tatu mu kiganja, akanusa, akaniambia: "Mama, hizi uliziosha na esanse?" Nikacheka. Yeye hakucheka, akarudisha mu beseni, akaingia kwake.

Sasa ile harufu nilikuwa naisikiaka kidogo asubui, lakini nikisha kufika Feu Rouge imeisha, nikasema labda ni moshi ya bamotari benye kuwa mbele yangu. Miezi mbili nilikaa na huo ujinga. Chini ya gari hakuna hata tone, na esanse inaisha mbio kuliko zamani, nikasema ni hii milima yetu.

Fundi wa kwanza akasema ni kifuniko cha rezervwa, nikanunua kifuniko. Wa pili akabadilisha filtri ya esanse, filtri mpya kabisa, lakini zile rondele za boloti akarudisha za zamani, na miye sikujua kama rondele ya vile inabonyea mara moja tu, ukiikaza mara ya pili haizibe tena vizuri, kwa hiyo akaniongezea pane ingine juu ya ile ya kwanza. Wa tatu, huyu bado namuwaza usiku. Aliona tiyo yenye kurudisha esanse imepasukapasuka, hiyo aliona vizuri sikatae, lakini akakata kipande cha tiyo ya radiateri, tiyo ya MAJI jamani, akaikaza na waya. Siku tisa nilikuwa namusifu kwa batu. Siku ya kumi tiyo ilikuwa imevimba sawa ndizi yenye kuiva, ukiigusa inalegea na inakuachia weusi ku vidole. Mpira wa maji hauvumiliake esanse, hata uwe munene namna gani.

Njo shemeji yangu akanituma kwa muzee mumoja pale Essence (ndiyo, mutaa unaitwa vile, musicheke). Hana garaje, ni mabati ine, benchi moja na beseni ya mchanga pembeni. Nilitegemea afungue kapo mara moja kama benzake. Hakufungua. Akaanza maswali: inanuka saa ngapi, motere ikiwa baridi ao ya moto, unalalishaka gari kwenye mulima ao mahali sawa, harufu inaingia ukifungua hewa ao hata umefunga? Kisha akasema: "Mama, acha gari ilale hapa, kesho saa kumi na mbili ukuwe hapa nawe." Nilikasirika kabisa juu gari ikilala kwake miye asubui nabeba beseni na pikipiki, na mutu wa pikipiki analipisha beseni kama mutu. Lakini nikaacha.

Kesho yake baridi ilikuwa ya kweli, ile ya Bukavu yenye kukufanya uvae vikwembe mbili. Muzee akafukuza kwanza kijana mumoja mwenye sigara. Akapangusa motere yote na kitambaa kikavu, halafu akatoa pudre ya watoto, ile ya kupakaa bebe, akanyunyiza ku rampe, ile bomba yenye kugawia esanse, na ku enjekteri zote ine zenye kuipuliza mu motere, mpaka zikawa nyeupe. Pembeni mwa motere kuko kakisanduku keusi ka plastiki, ndani ya kifuniko kumeandikwa herufi nyingi, akanionyesha mbili: +B (umeme ya bateri) na FP (pompi ya esanse). Akaziunganisha na kawaya kadogo, ndiyo akaniambia nigeuze kontakte bila kudemare. Motere imenyamaza, lakini nyuma chini ya kiti nikasikia pompi inanguruma yenyewe. Akaniita nione. Dakika haikuisha, pudre ya enjekteri ya tatu ikageuka kijivu, ikalowa, tone likajikusanya polepole likateremka.

Miezi yote ile, na ile kitu ilikuwa pale pale!

Akanielezea: kuko kapete ka mpira kenye kubana enjekteri ku rampe, na kangu kamezeeka, kamekauka. Asubui na baridi kanakuwa kagumu, hakabane, esanse inapita. Motere ikipata moto mpira unalainika kidogo, unabana tena, na ile yenye ilishatoka inakauka ku chuma ya moto, njo maana bafundi bote benye niliwapelekea gari saa ine ya asubui hawakuona kitu. Na esanse ku motere ya moto, hiyo hainaga mchezo, nilikuwa natembea na moto chini ya kapo na watoto bangu nyuma.

Akanituma ninunue piese na akaniandikia ku karatasi: tiyo ya esanse, pahali pa ile ya maji, yenye kuandikwa 30R9, hapana 30R7. Ile R7 ni ya magari ya karbirateri, kule esanse inasukumwa polepole, lakini hii ya enjekteri inafika karibu bari 3. Muuzaji wa kwanza akasema "mama ni moja tu hiyo," nikapita. Kwa wa pili nikasoma miye mwenyewe maandishi ku mpira kabla ya kutoa feza.

Akatoa bateri, akaondoa presha, akabadilisha pete za enjekteri zote ine, hapana moja tu. Kila pete aliipakaa esanse kidogo kabla ya kusukuma, kisha akashika enjekteri na vidole viwili akaizungusha. Tatu zilizunguka laini. Ya ine ikakataa, akaitoa, kumbe pete ilijikunja na kukatika upande. Akaitupa, akaweka ingine bila kunidai. Na rondele za filtri akaweka mpya.

Kwa feza: piese 31 dola, mukono wake 20. Bale batatu ba kwanza walinikula 48, na gari ilibaki vile.

Sasa mabaya yake. Anaongea sana, kazi ya masaa mbili anaimaliza mu ine juu anakupigia historia ya kila gari. Telefone yake haipatikanake. Na alisahau kufunga klipsi ya boksi ya filtri ya hewa, gari ikaanza kupiga kelele ku mulima, nikarudi, akaifunga, akaniomba sambaza kwa utani na nikamupa kweli.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu anitengenezee gari, kila asubui kabla ya kudemare nafungua kapo na kunusa, bajirani bananiona kama nimepotea kichwa. Yule mama wa Nyawera alirudi juzi. Ananusa kwanza, halafu njo anauliza bei.