Hatua Saba za Lumko: zinapofaa na zinapokwama

Miongozo ya kuendesha kikundi kidogo cha Kikristo ni mingi, na mingi inadai vitu: video, kitabu cha kila mwanakikundi, mwalimu aliyeandaliwa. Hatua Saba za Kushirikishana Injili zinadai Biblia na karatasi moja. Zilitoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, kwa kazi ya mapadre wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye wote waliwekwa kuwa maaskofu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki zilizibeba mbali, hadi Asia, lakini hakuna hatua hata moja inayohitaji padre. Kikundi cha nyumbani cha Kipentekoste au cha Kilutheri kinaweza kuzitumia bila kubadili neno.

Mpangilio ni huu: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kusali. Ukiutazama juu juu unaona ni ratiba ya kawaida tu. Ubora wake umejificha katika vitu vidogo ambavyo viongozi wengi huviruka.

Chukua hatua ya pili. Kiongozi anataja kitabu na sura, kisha anasubiri. Kila mtu akishafungua ndipo anataja aya. Ni sekunde chache tu, lakini zinamwokoa mgeni asiyejua Marko iko wapi asipekue kwa aibu huku msomaji ameshafika katikati. Somo liwe fupi, aya 7 hadi 15. Marko 10:46-52, habari ya Bartimayo, ni kipimo kizuri cha kuanzia: lina watu, sauti na mwendo, na halihitaji maelezo marefu.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa mwongozo huu, nayo ndiyo inayouawa kwanza. Kila mmoja anachagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa, analitamka kwa sauti mara tatu, na kati ya mara na mara anaacha kimya kidogo. “Jipe moyo, inuka, anakuita.” Kimya. Anarudia. Hakuna kueleza kwa nini. Wote wakishamaliza, somo linasomwa tena zima. Asiyejua kusoma anatoka hapo na maneno ya somo masikioni, na mwenye haya amekwisha kuitoa sauti yake kikundini kabla hajaombwa maoni yoyote. Kiongozi mwenye haraka husema “tutamke mara moja tu, muda umekwenda”, na papo hapo hatua inageuka kuwa orodha ya mistari. Kama muda ni mfupi, heri kupunguza aya kuliko kupunguza marudio. Tofauti za tafsiri zisikutie wasiwasi: mmoja akisema “Wataka nikufanyie nini?” na mwingine “Unataka nikufanyie nini?”, yaacheni yote mawili yasikike.

Kimya cha hatua ya nne kitangazwe kwa dakika: “Tutanyamaza dakika tano.” Kimya kisichopimwa huwatia watu hofu, wanaanza kukohoa, na mara mtu anaanzisha wimbo ili kukiokoa kikundi. Kiongozi atazame saa ya mkononi, si simu, kwa sababu simu ikiwaka macho yote yanahamia huko.

Katika kushirikishana, kanuni inayobeba kila kitu ni kusema kwa “mimi”. “Neno hili limenigusa kwa sababu…” Mtu akianza “sisi Wakristo wa leo” au “ninyi vijana”, mahubiri yameanza, na mahubiri yakishaanza wengine hufunga midomo. Kumkatiza hadharani si dawa. Kumbusha kanuni mwanzoni mwa hatua, kabla yeyote hajakosea, na kwa sugu mkabidhi uongozi wa juma linalofuata. Kazi ya kulinda zamu za wengine humfundisha upesi. Hapa pia hakuna kujibizana. Mtu akieleza msiba wake, usimpe ushauri; msikilize, umwombee katika hatua ya saba.

Kwa kikundi cha watu 10, dakika 75 zinatosha: 5 za kukaribisha, 5 za kusoma, 10 za kuchagua maneno, 5 za kimya, 20 za kushirikishana, 20 za kazi, 10 za sala. Hesabu ya 20 za kushirikishana inatoka kwenye dakika 2 kwa kila mtu. Mkifika 16 hesabu inavunjika, na dalili yake ni kwamba wale wale watano ndio wanaosema kila juma. Gawanyikeni wakati wa hatua ya tano, kisha mkutane tena kwa ya sita.

Hatua ya sita inapewa alama za chini kuliko zote, si kwa ubaya wake bali kwa jinsi inavyoachwa wazi mno. Kusudi lake ni kuuliza Neno hili linatutuma kufanya nini. Kwa kawaida inamezwa na matangazo na michango. Kinga ni kuianza kwa taarifa ya kazi ya juma lililopita, kisha maswali matatu yaandikwe na majibu yake: nani, atafanya nini, lini. “Tuwatembelee wagonjwa” si kazi bado. “Wawili hawa, Jumamosi alasiri, kwa mama aliyetoka hospitalini” ni kazi. Matangazo yasubiri baada ya sala ya mwisho.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba njia hii haifundishi. Haina mahali pa kuuliza aya ina maana gani. Kwa Bartimayo hilo halidhuru; kwa Luka 14:26, panaposemwa habari za kumchukia baba na mama, au kwa wakili dhalimu wa Luka 16, watu wanaweza kuondoka na tafsiri ya ajabu na pasiwe na wa kuirekebisha, kwa kuwa kanuni inakataza ubishi. Masomo ya namna hiyo yapelekwe kwenye kipindi tofauti cha mafundisho. Wala usilete mgogoro wa kikundi humu ukitumaini hatua zitauponya. Lumko wenyewe walitoa njia nyingine inayoanza na tukio la maisha, Tazama-Sikiliza-Penda, na kwa tatizo linalowaka hiyo ndiyo inayofaa.

Kwa kikundi kipya cha watu 8 hadi 12, kisicho na mwalimu, sijaona mwongozo wa bei hii, yaani bure, unaoushinda huu. Uongozi uzunguke kuanzia mkutano wa nne hivi, na anayeshika zamu apewe somo siku tatu kabla. Kikundi kilichozoea kujadili kitaona wiki mbili tatu za kwanza ni kavu. Kisihukumu kabla ya mara ya sita.