Gintama au Assassination Classroom: anime (katuni ya Kijapani) ipi ikuchekeshe kisha ikulize?

Kwa upande wa muda, Assassination Classroom inashinda bila ubishi: vipindi 47 tu, 2015 hadi 2016. Gintama ina 367, na bado kuna filamu ya mwisho ya 2021.

Utamu uko kwenye mgeuko. Assassination Classroom inakwambia mapema kwamba darasa la 3-E lina hadi Machi kumuua mwalimu wao, Koro-sensei. Unacheka, unasahau. Halafu siku inafika, naye anaita majina ya darasa zima, mmoja mmoja, nao wanaitika kwa sauti zinazokatika. Nililia pale, na nikirudia bado nalia.

Gintama inakuzoesha taratibu. Shoguni (mtawala wa nchi) Shigeshige kila akitokea anaishia kuvuliwa nguo, basi unamchukulia kama mtu wa kuchekwa. Anapouawa, unaumia kama umefiwa na jirani. Uzito huo vipindi 47 haviwezi kuujenga, ingawa utani mwingi wa Kijapani hupotea kwenye tafsiri.

Mwenye wikendi mbili aanze na Koro-sensei. Anayetafuta wa kuishi nao mwaka mzima amfuate Gintoki, mhusika mkuu wa Gintama, ila asiruke vipindi vya mzaha.