Kupanda mboga kwenye ndoo: kokopiti ama udongo mwekundu na samadi?
Kwa bei, udongo na samadi hauna mpinzani, ukijuana na mfugaji samadi wapata bure, bora iwe imeoza sawasawa la sivyo yaunguza mizizi. Kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, ni ghali ila nyepesi, kuipandisha ghorofa ya nne hapo Tudor, Mombasa, si kazi, na inashika maji sana, mifereji ikikauka siku mbili tatu utaiona faida yake. Lakini haina chakula cha mmea, mbolea ni juu yako, tena isuuze kwanza itoke chumvi, na si kwa maji ya kisima ya chumvi jamani! Udongo nao hugandamana ndooni, tia mchanga, sio wa baharini. Una uwanja na pilipili chache, udongo watosha. Nyanya za roshani, mi ningeenda kokopiti.