Starlet iliyokatwa paa Katuba: chuma 9 kati ya 10, rangi 5

Gari iliyokatwa paa haipimwi kwa rangi. Inapimwa kwa milango. Weka jeki chini ya mwili wa gari, karibu na gurudumu moja la nyuma, inua mpaka tairi iachane na ardhi, halafu fungua mlango wa upande huohuo. Ukifunguka na kufungika bila kusukumwa na goti, fundi wako alijua anachofanya. Ukigoma, basi pesa zako zote zimeishia kwenye rangi.

Milango ya Starlet yangu inafunguka. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu tangu wapambaji wenzangu wa Lubumbashi waone picha, simu haipumziki: nani aliikata, alitaka ngapi, na je, haitavunjika katikati mbele ya kanisa?

Mimi napamba harusi: viti, vitambaa, maua, na magari ya msafara. Bibi harusi wa siku hizi amechoka na Mercedes nyeusi yenye utepe. Dada zake wote walipanda hiyo. Anataka gari ya wazi, gauni lionekane kuanzia nyumba ya komini, ofisi inayofungisha ndoa ya serikali, hadi ukumbini. Zilizotoka kiwandani bila paa hapa mjini ni chache, na wenye nazo wanajua kuwa ni chache.

Niliyoipata ilikuwa Toyota Starlet ya milango miwili, toleo la EP82, injini ya lita 1.3, usukani kulia kama nyingi zinazotuingilia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukuta wa matofali ulikuwa umeiangukia msimu wa mvua na paa likabonyea hadi kwenye viti. Mbele ilikuwa nzima, injini inawaka kwa mara moja. Mwenyewe aliniachia kwa dola 700, na nina hakika alicheka nilipogeuka.

Fundi ninayemsifu hana kibao wala jina la garaji. Anafanyia kazi Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwenye ua wenye mwembe, na madereva wanamwita Papa Tolie tu, yaani fundi mabati kwa Kifaransa, kwa kuwa maisha yake yote ni mabati ya magari. Kabla yake nilikuwa nimezungumza na wawili wengine. Wote waliangalia paa, wakataja bei. Yeye hakuliangalia paa hata kidogo. Alilala chali chini ya gari, akawa anagonga kwa nyundo ndogo huku akisikiliza.

Mpwa wangu alikuwa amenitumia picha za vigari vya ufukweni vya Marekani, vile vilivyojengwa juu ya Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, nami nikamwonyesha fundi nikimwambia nataka kitu cha namna hiyo. Akatikisa kichwa. Coccinelle, alisema, ina sakafu yake nzito yenye uti wa chuma katikati, na mwili umefungwa juu yake kwa bolti. Unafungua bolti, unanyanyua mwili wote, gari bado inatembea. Ndivyo alivyofanya Bruce Meyers kule California miaka ya 1960: alichukua sakafu na injini ya Volkswagen, akaweka juu yake mwili wa faiba. Starlet si hivyo.

"Mama, hii haina shasi yake peke yake. Sakafu, mbavu na paa, vyote vimeshikana, ndiyo shasi yenyewe."

Akaokota kopo la sardini alilowekea misumari, akamwaga misumari, akalipinda kwa vidole viwili huku na huku. Likiwa na kifuniko, akasema, unaweza kulisimamia kwa kiatu. Kifuniko kikitoka, mtoto analikunja. Halafu akanipa masharti yake, na hapo tuligombana. Mimi nilitaka viti vinne, bibi na bwana nyuma, dereva mbele. Yeye akasema boriti kubwa ya chuma lazima ipite nyuma tu ya viti vya mbele, kutoka ubavu hadi ubavu, na mahali pa miguu ya abiria wa nyuma patakuwa pamekwisha. Viti viwili, au niende kwa mwingine. Nilikasirika kweli. Leo sina hasira, nitaeleza.

Kazi ilianza kwa kutoa, si kwa kukata. Tangi la mafuta, ambalo liko chini ya kiti cha nyuma, lilitoka na kupelekwa mbali ukutani. Betri, mazulia na viti vikafuata. Halafu akachomelea mabomba ya muda ndani ya kila nafasi ya mlango, kwa mshazari, na mengine kutoka upande hadi upande. Akavuta kamba kutoka kona hadi kona na kuandika vipimo kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba yake. Uwazi kati ya mlango na mwili aliupima kwa njiti ya kiberiti: ipite kwa kukwaruza kidogo, juu na chini sawasawa. Hapo ndipo mashine ya diski ilipogusa paa. Wanaokata kwanza na kuimarisha baadaye wanachomelea gari iliyokwisha kujikunja, na hakuna tena wa kuinyoosha.

Kwenye vizingiti vya chini ya milango, kila upande, aliingiza bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, akalifunga kwa bati nene hadi likawa boksi moja refu. Boriti ya nyuma ya viti inakaa juu ya hayo mawili. Nyingine nyembamba inaunganisha sehemu mbili ambapo springi za nyuma zinasukuma mwili kwenda juu. Zamani nguzo za paa ndizo zilizokuwa zinasaidia pale. Na juu ya boriti kubwa limesimama tao la chuma, lisilo la urembo. Golf ya wazi ambayo Karmann waliijenga Osnabrück kuanzia mwaka 1979 ilitoka kiwandani na tao la namna hiyo, hadi Wajerumani wakaibandika jina la kikapu cha stroberi. Kama kiwanda kiliona haja, nani mimi nikatae kwa ajili ya picha?

Nilipenda kumtazama akichomelea. Bati la mwili wa gari kama hii halifiki milimita moja; umeme ukiwa mwingi, unapata matundu. Kwa hiyo haendi mstari mrefu. Anaweka nukta hapa, anahamia upande wa pili anaweka nyingine, anarudi katikati, anangoja kipoe kwa kukigusa na nyuma ya kiganja. Kijana wake mmoja alitaka kumalizia ukingo kwa mkupuo, mzee akampokonya mashine bila kusema neno. Umeme ulipokatika, na mnajua unavyokatika, kazi ilisimama, kwa sababu jenereta yake ndogo haiwezi mashine ile. Tarehe tuliyopatana ilipita, ikapita tena. Harusi moja nililazimika kuipeleka kwa Mercedes ya jirani.

Malalamiko makubwa ni mikanda. Mikanda ya Starlet inashikwa juu kwenye nguzo ya katikati, na nguzo ile ilikwenda na paa. Nilipofika kuchukua gari nikakuta mikanda imefungwa kwenye bati la ubavuni, bati tupu, kwa bolti na washa moja ndogo. Nikamuuliza: "Papa, huyu bibi harusi wa kilo 80 akirushwa mbele, hiyo itamshika?" Akasema tunakwenda polepole. Jibu hilo sikulikubali. Alibishana kidogo, kisha akakata vipande vya chuma cha milimita 5, akavichomelea kwenye tao kwa urefu wa bega, na bolti sasa zinapita kwenye chuma hicho. Kazi nzuri, lakini haikupaswa kungoja nidai mimi. Ukienda kwake, litaje jambo hili siku ya kwanza.

Vioo alivijua vizuri. Vya pembeni vilitoka kabisa: vimekazwa kwa moto, ukijaribu kuvikata vinamwagika kama chumvi, na bila fremu ya juu havina pa kupita. Cha mbele kilibaki kwa kimo chake cha kiwandani, ingawa mpwa wangu alitaka kifupishwe kionekane cha mashindano. Fremu yake imeongezewa bomba ndani ya nguzo mbili za pembeni. Bado inatetemeka. Kwenye barabara ya Kipushi, ukifika penye mashimo, unaona ukingo wa juu ukicheza. Mjini haionekani.

Rangi nisiseme mengi. Nyeupe ya maziwa niliyochagua ilikuwa sawa ndani ya kopo, lakini ilipigwa uani, msimu wa vumbi, chini ya mwembe. Ubavu wa kushoto mastiki ya kusawazishia bati imewekwa nene mno, na jua la saa kumi likiigonga unaona mawimbi. Ningeanza upya ningechukua chuma kwake na rangi kwa mtu mwenye chumba kilichofungwa.

Pua ya gari ndiyo inayowafanya watu wasimame. Badala ya grili ya plastiki kuna bamba la shaba iliyofuliwa kwa mkono, kazi ya mmoja wa mafundi wetu wanaowauzia wageni sinia na picha za shaba, na katikati umesimama msalaba wa Katanga, ule uliokuwa pesa kabla ya Wabelgiji. Mteja mmoja aliniuliza kama ni siasa, maana bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963 ilikuwa na misalaba mitatu. Nikamwambia huu ni mmoja, na ni wa harusi. Wazo la shaba lilikuwa langu, lakini Papa Tolie ndiye aliyeliokoa: aliweka ukanda wa mpira wa chambaya, ule wa ndani ya tairi, kila mahali shaba ilipokaribia mwili, hata kwenye matundu ya skurubu. Vyuma hivi viwili vikigusana na maji yakiwa kati, kinacholiwa ni chuma cha gari. Kusafisha, limau na chumvi, suuza, kausha. Ijumaa jioni hiyo ni kazi ya binti yangu.

Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba na kuachilia Aprili, na gari haina paa wala haitakuwa nalo. Sakafu imetobolewa matundu manne yenye vizibo vya mpira. Ikinyesha unavuta vizibo, maji yanashuka. Turubai la kuifunika ikiwa imesimama nilishona kwingine. Miezi ya baridi nayo, Juni na Julai, wateja wa asubuhi nawaambia ukweli: mabega wazi kwenye gari wazi ni mateso, leteni shali.

Na vile viti viwili? Vimeniletea wateja. Kwa kuwa dereva, mtu wa tatu, hana mahali, bwana harusi anaendesha mwenyewe, bibi pembeni yake, na picha hiyo hakuna Mercedes inayoitoa. Tatizo ni bwana asiyejua kuendesha. Alikuja mmoja, ikabidi kaka yake ampeleke bibi kanisani huku mume akifuata ndani ya basi dogo na shangazi zake, na shangazi hao walikuwa na maneno.

Nililipa dola 1,200 kwa chuma, mabomba yakiwemo, 350 kwa rangi ambayo haikustahili, na 90 kwa shaba. Namba ya shasi haikuguswa. Imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu, na fundi aliizungushia chaki tangu mwanzo ili vijana wasiikaribie na diski. Hakikisha hilo kwa fundi yeyote, la sivyo karte roz yako, yaani hati ya gari, na gari yenyewe havitafanana tena.

Jambo la kujua kabla hujaenda: anakataa magari. Kijana mmoja alileta Corolla inayong'aa, ametoka kuipiga rangi. Mzee alipiga magoti, akachomeka bisibisi chini ya mlango, ikazama hadi mpini, na vumbi la kutu likamwagika juu ya kiatu chake. Akamrudishia funguo. Kijana aliondoka amenuna, akavuka barabara hadi kwa mwenzake wa upande wa pili, ambaye alianza kukata siku hiyohiyo.