Tuta au kuhama? Swali la Budalang'i

Budalang'i, magharibi mwa Kenya, Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, maji yakipanda swali hurudi lile lile: tuongeze tuta la kuzuia mafuriko au tuhame?

Tuta humwacha mtu kwake. Shamba lipo, mtumbwi uko karibu, makaburi ya wazee hayaachwi. Lakini Nzoia hubeba matope mengi. Kina cha mto hupungua, na tuta lililotosha jana halitoshi leo. Likipasuka, maji huingia kwa kishindo, kisha hukwama ndani yakikosa pa kutokea. Tena mwaka 2020, ziwa lenyewe lilipofikia kimo cha rekodi, maji yalikuja kutoka ziwani, upande ambao tuta la mto halikingi kitu. Jakarta, Indonesia, nako wamejenga kuta baharini, ila ardhi iliyo nyuma yake inazidi kudidimia kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi kuvutwa kupita kiasi.

Kuhama ni salama zaidi, na kunauma zaidi. Mvuvi atafanya nini mbali na ufuo?

Mimi ningebakiza tuta kwa walio kando ya mto, lakini likaguliwe kabla ya kila masika. Walio ukingoni mwa ziwa wapewe ardhi na hatimiliki kwanza, ndipo waombwe kuhama.