Reli ya chuma kwa treni za LEGO: ipi ununue ukiwa Nairobi

Kabla hujatuma hata shilingi moja, igeuze treni yako chali uitazame tumbo. Ikiwa imebeba kisanduku cha betri, reli ya chuma haikuhusu. Treni ambazo LEGO imekuwa ikiuza tangu 2018, za mfumo wa Powered Up, hutumia betri sita ndogo za AAA, huongozwa kwa Bluetooth, na hutembea juu ya reli za plastiki tupu. Mzazi unayemtafutia mtoto zawadi ya Krismasi, nunua reli za plastiki, seti mbili za betri za kuchaji na chaja yake. Yako yamekwisha, nenda ukapike.

Tuliobaki ni sisi watu wazima tuliopatwa na ugonjwa wa volti 9.

Mfumo huo LEGO iliutoa mwaka 1991. Umeme unatoka ukutani, unapita kwenye kidhibiti chenye kitufe cha kuzungusha, unaingia kwenye reli mbili zilizovikwa bati jembamba, na mota inauchota kwa magurudumu yake. Hakuna betri ya kubadilisha, na treni haichoki katikati ya safari. Mwaka 2007 kampuni ikatangaza kwamba imeachana nao. Tangu hapo kila mwenye mota ya volti 9 anaishi kwa mtumba, au kwa reli zilizotengenezwa na wengine ili zioane na zile za zamani. Kuna watu nje ya Kenya waliojifunga kibwebwe kuzitengeneza upya, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu ugumu wenyewe ndio unaokuonyesha cha kuangalia unaponunua.

Kwanza mota. Usinunue hata kipande kimoja cha reli ya chuma kama hujashika mota ya volti 9 mkononi. Ile ya Power Functions, mfumo wa betri wa LEGO uliokuja baada ya volti 9, namba 88002, inafanana nayo sana kwenye picha, lakini magurudumu yake ni ya plastiki na haichoti umeme popote. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ni ileile. Mwombe picha ya chini: magurudumu ya volti 9 yana ukingo wa chuma unaong'aa. Jihadhari pia na reli za zamani zaidi za volti 12, zile zenye mikanda ya chuma katikati ya mataruma. Upana wake ni uleule, ila umeme unapita kwenye mikanda hiyo ya kati, sio kwenye reli, kwa hiyo mota ya volti 9 itakaa juu yake kama abiria wa matatu iliyoishiwa mafuta.

Vipimo havina siri. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha LEGO hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8, na ndicho kipimo tunachokiita kinundu. Kipande kilichonyooka kina urefu wa vinundu 16, yaani milimita 128. Kona ya kawaida huitwa R40: kutoka katikati ya duara hadi katikati ya njia ni vinundu 40, sawa na sentimita 32, na vipande 16 vinafunga duara. Ongeza vipande vinane vilivyonyooka, vinne kila upande, upate njia ya yai ya mita 3 hivi, inayokaa kwenye meza ya sentimita 75 kwa 130. Wengi wetu kwenye nyumba za kupanga hatuna nafasi zaidi ya hiyo.

Sasa reli zenyewe, ya kwanza hadi ya nne. Nimezipanga kwa jambo moja ambalo matangazo hayalitaji: maungio. Bati la katikati ya kipande halina shida. Umeme unapotea pale kipande kinapokutana na kipande, na treni inaruka njia hapohapo.

Nafasi ya kwanza: reli mpya za chuma za Fx Bricks

Hawa ni wa Canada, na wanatengeneza reli za volti 9 zinazoshikana moja kwa moja na za LEGO. Ninaziweka juu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mpya: bati halijachomwa na cheche za miaka thelathini, na ndimi za kwenye maungio, vile vijibati vinavyogusana kupitisha umeme, zina mkazo. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, wana kona pana ambazo LEGO yenyewe haikuwahi kuzitoa kwa chuma: R56, R72, R88, R104, R120.

Kwa nini kona pana? Nenda Makumbusho ya Reli pale karibu na stesheni ya Nairobi, simama kando ya injini ya mvuke ya Garratt 5918, "Mount Gelai". Ina urefu wa zaidi ya mita 30. Ukitaka kuijenga kwa vitofali, na reli zako zenye upana wa milimita 37.5 ziwakilishe ile njia ya mita moja ya reli ya zamani, itakuwa na zaidi ya mita moja kutoka pua hadi mkia. Kitu hicho hakigeuki kwenye kona ya sentimita 32 bila kuonekana kama nyoka aliyekanyagwa. Anayejenga behewa za SGR ana nafuu, maana njia ile ina upana wa milimita 1,435 na mfano unapungua hadi karibu 1 kwa 38 ya kitu halisi, lakini naye atatamani angalau R72.

Hasara ni nafasi na pesa. Duara la R104 linataka mita 1.73 za sakafu, na sebule yangu ina kochi. Pesa nayo haiishii kwenye bei ya dukani. Forodha huchukua thamani ya mzigo pamoja na usafiri, ikaongeza ushuru, kisha VAT ya asilimia 16 ikatozwa juu ya jumla hiyo yote, bila kusahau ada nyingine. Maana yake ni kwamba hata usafiri unatozwa kodi. Ukiagiza mzigo wa dola 100 kwa usafiri wa dola 50, hesabu inaanzia 150. Ndiyo maana kuagiza vipande vinne vinne ni hasara. Tafuta wenzako wawili au watatu muagize sanduku moja, kisha mgawane.

Nafasi ya pili: LEGO ya volti 9 ya mtumba

Hizi utazipata BrickLink, soko la mtandaoni la vitu vya LEGO, au eBay, na mara mojamoja kwa familia inayohama nchi na kuuza vitu vya nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo bahati yenyewe: hakuna usafiri, hakuna forodha, na mara nyingi muuzaji hajui anachouza. Reli zangu za kwanza nilizipata hivyo, zimefungwa pamoja na vijiko.

Zimeshika nafasi ya pili, si ya kwanza, kwa sababu ya umri. Vipande vilivyonyooka huwa sawa. Kona huchoka kidogo. Swichi, vile vipande vya kugawanya njia, ndivyo vinavyouma: ni adimu, ni ghali, na ndani yake bati limekatwakatwa vipande vidogo vinavyolegea. Nenda na mita ya kupimia umeme, zile za bei nafuu za Luthuli Avenue zinatosha. Iweke kwenye alama ya mlio, gusa reli ya kushoto mwanzo na mwisho wa kipande, kisha ya kulia. Ikilia, sawa. Halafu gusa kushoto na kulia kwa pamoja: ikilia hapo, kuna shoti, mrudishie mwenyewe. Tazama ndimi za kwenye maungio. Zikiwa zimelala bapa unaweza kuziinua taratibu kwa ncha ya sindano, lakini uliokatika haurudi. Vidoti vyeusi juu ya reli ni alama za cheche, havitishi vikiwa vichache.

Kabla hujatoa pesa ya swichi yoyote, mpya au kuukuu, chora njia yako kwenye karatasi. Njia inayozunguka na kumrudisha treni alikotoka, akiwa ameangalia upande mwingine, inakutanisha reli ya kushoto na ya kulia. Hiyo ni shoti. Treni ya betri haijali, ya volti 9 haiwezi. Nimewahi kununua swichi mbili kwa ajili ya mchoro wa aina hiyo, nikazitazama mwaka mzima.

Nafasi ya tatu: plastiki yenye kona pana, na betri

Wanaopenda chuma watanizomea. Lakini TrixBrix ya Poland na BrickTracks ya Marekani wana kona pana na swichi nzuri za plastiki, na Nairobi ina jambo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawaliwazi: stima ikipotea, treni ya volti 9 inasimama papo hapo na ya betri inaendelea kukata kona gizani. Kama huna mota ya volti 9 tayari, hii ndiyo nafasi yako ya kwanza, wala usione haya. Na treni ya betri hutembea kwenye reli za chuma pia, kwa hiyo ukibadili nia baadaye hujatupa kitu.

Reli za plastiki zisizo na jina zinazouzwa kwa mifuko mtandaoni ni za mtoto wa miaka mitano. Maungio yanacheza. Nimemaliza.

Nafasi ya nne: kujitengenezea

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nyingi, na sijuti.

Njia nyepesi ni utepe wa shaba wenye gundi nyuma. Unanunua reli za plastiki, unabandika utepe juu ya kila reli, unaukunja ushuke upande wa ndani ambako ukingo wa gurudumu unapita, na kwenye maungio unalehemu kipande kidogo cha waya kuvuka. Inafanya kazi. Inafanya kazi kwa wiki kadhaa. Kisha shaba inafifia, magurudumu yanaanza kukwangua, na kwenye kona utepe unajikunja kama ngozi iliyoungua jua. Ukilehemu kwa pupa unayeyusha reli yenyewe. Kwa kujaribu kama unaupenda mchezo huu, au kwa kipande kimoja cha kuwasha taa za stesheni, ni sawa.

Njia nzito ni kumpelekea fundi. Nilibeba kipande kimoja cha kunyooka na kimoja cha kona hadi Kariobangi Light Industries, pamoja na bati jembamba la shaba ya njano. Kipande cha kunyooka alikitoa vizuri hadi nikamwagizia chai. Cha kona alikirudia mara tatu, akakiweka mezani.

"Boss, hii ya kunyooka tumeelewana. Hii ya kukunja imekataa."

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watengenezaji wa reli hizi duniani ni wachache. Bati lililokunjwa kufunika reli iliyonyooka linakubali mkono na nyundo. Reli ikipinda, bati hilohilo linatakiwa lirefuke upande wa nje wa kona na lijikusanye upande wa ndani, kwa wakati mmoja, bila kufanya mikunjo. Mkono hauwezi. Panahitajika kalibu ya chuma kigumu inayolikata na kulikandamiza bati kwa mashine. Na kalibu ya reli ya ndani haifai reli ya nje, kwa sababu upindo wao si mmoja. Kila upana wa kona unadai seti yake, juu ya kalibu nyingine ya kumimina mataruma ya plastiki. Gharama ya kalibu ni ileile ukipiga vipande kumi au laki moja. Ndiyo maana R40 kila mtu anaianza na R120 wachache wanaifikia, na ndiyo maana swichi huja mwisho kabisa. Muuzaji mpya akikwambia ana swichi za chuma kabla hajauza kona, mwombe video ya treni ikipita polepole juu yake. Polepole, sio kwa kasi. Kwa kasi kila kitu kinapita.

Kwa hiyo fundi wa jua kali mpe vipande vya kunyooka tu, ukiwa na njia ndefu ya kupamba ukuta, na kona ununue.

Umeme na usafi

Kidhibiti cha zamani cha LEGO bado ndicho bora, ila hakikisha transfoma yake ni ya volti 240 za kwetu. Ile ya Marekani ni ya 120, na ukiichomeka hapa utanusa tu. Ukikosa, tafuta adapta ya volti 9 ya umeme wa DC, yenye ampea 1 hadi 2 na inayojikata penye shoti, uifunge na kidhibiti cha kasi ya mota. Chaja ya laptopu, yenye volti 19, iache kwenye laptopu.

Njia ikizidi mita tano au sita utaona treni inalegea upande wa mbali. Usiongeze volti. Vuta nyaya nyingine mbili kutoka kidhibiti hadi upande huo, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia.

Vumbi letu jekundu ndilo adui wa kila siku. Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichoguswa spiriti ya duka la dawa, na ufute magurudumu ya mota pia. Msasa unachuna bati. Zile sufu za chuma za kusugulia sufuria ni mbaya zaidi: zinaacha uzi mwembamba kati ya reli, na jioni hiyo utaikagua njia nzima kwa tochi ukitafuta shoti usiyoiona.

Ukiwa na mota tayari na meza ndogo, oda ya kwanza iwe kona 16 za R40 na vipande vinane vya kunyooka, bila swichi hata moja. Ziendeshe mwezi mmoja. Ikiwa bado unawahi nyumbani kuiwasha, hapo tafuta wa kuagiza naye swichi.